Sababu ya Kisu cha Pili

Wanawake wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, walisema Nafula ana kichwa kigumu, na hawakumsingizia. Alifuma sweta za shule kwa mashine iliyokaa chini ya dirisha la chumba chao, ile mashine ndefu ya kusukumwa kwa mikono miwili, kushoto kulia, kushoto kulia, kuanzia asubuhi mpaka mgongo ulie. Mzazi akija kulalamika kwamba sweta imebana, Nafula alimvalisha mtoto palepale, akamzungusha mara moja, akatoa hukumu: "Mtoto wako amenona. Sweta haina kesi." Na mzazi aliondoka nayo, tena akiomba radhi.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepasuliwa tumbo mwaka wa 1993 bila kuuliza swali hata moja. Kidonda kilipona baada ya muda, lakini kule kunyamaza kwake kulimkera miaka yote iliyofuata.

Ilikuwa hivi. Mumewe, Javan Shiundu, alifanya kazi katika kiwanda cha rangi, na kiwanda kilikuwa kimepatana na nyumba moja ya uzazi ya binafsi, upande wa Eastleigh, kwamba wake wa wafanyakazi wajifungulie huko. Kiwanda ndicho kilicholipa. Majirani waliona wivu. Wao walikwenda kulala wawili kitanda kimoja katika hospitali za serikali, huku mke wa Javan akilazwa peke yake juu ya shuka nyeupe na kuletewa chai ya maziwa kwenye sinia. Uchungu ulimshika Ijumaa asubuhi. Kufikia adhuhuri daktari aliingia, tai shingoni, funguo za gari mkononi, akampapasa tumbo akiwa wima, akasema, "Nyonga zako ni nyembamba, mama. Mtoto hatapita."

Javan aliletewa karatasi akatia sahihi. Nafula alitaka kuuliza ni nyembamba kiasi gani, na zimepimwa lini, lakini uchungu ulimjia tena ukamfunga mdomo, na ulipomwachia alikuwa tayari anasukumwa koridoni. Opicho alizaliwa mzima, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, na kwa hilo mama yake alimshukuru Mungu kwa dhati.

Mama mkwe wake, Asenath, alifika kutoka Mumias akiwa na leso mbili mpya, mafuta ya kujichua na kuku wawili wa kienyeji. Kwao mke akizaa, mama mkwe ndiye humkanda kwa maji moto, asubuhi na jioni, kisha humfunga tumbo kwa leso mpaka mwili urudi mahali pake. Kazi hiyo hamwachii mtu mwingine. Asenath alikuwa amewakanda wakaza wana wake wote, na wanawake wa kijiji kizima zaidi, maana huko ndiye aliyekuwa mkunga wao. Sasa akaambiwa hapana, kuna mshono, maji moto yasiguse hapo. Alikaa siku chache mikono mapajani, akimtazama Nafula akiinuka kitandani kwa kushika ukuta, halafu akasema mahindi yake yanamngoja shambani. Leso aliziacha juu ya kabati zikiwa bado kwenye karatasi yake.

Nafula naye alirudi kwenye mashine mapema mno, akaona kila akisukuma tumbo linavutwa kama mtu anamng'oa nywele kwa ndani. Msimu wa sweta wa Januari ulimpita hivihivi.

Pengine angeendelea kuamini kwamba Mungu alimuumba na nyonga nyembamba, kama si Ndindi. Ndindi alikuwa mke wa Kitonga, dereva wa pikapu ya kiwanda kilekile. Alikuwa mwanamke wa Kitui mwenye mwili wa kujitosheleza, ambaye milango ya nyumba za kaunsili ya jiji aliipita ubavu. Mwaka wa 1995 alijifungua mtoto wake, Ndete, katika nyumba ileile ya uzazi, na Jumapili iliyofuata wake wa wafanyakazi wenzake Javan wakaenda kumwona mtoto na sabuni zao na sukari zao. Walipomuuliza mambo yalikwendaje, Ndindi akavuta pumzi.

"Nilipasuliwa. Daktari alisema nyonga zangu ni nyembamba."

Halafu mmoja akapaliwa na chai, na chumba kizima kikaangua kicheko. Ndindi mwenyewe alicheka huku amelishika tumbo, akipiga kelele, "Msinichekeshe jameni, mshono utafunguka!"

Nafula alicheka pamoja nao, kisha akaacha. Akauliza, "Na nani mwingine hapa aliambiwa nyonga zake ni nyembamba?"

Karibu kila mtu. Akauliza siku. Ijumaa, Ijumaa, mkesha wa Krismasi, Ijumaa. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na habari tofauti: mtoto wake alilala kwa kukingama tumboni, na kila mtu alikubali kwamba pale hapakuwa na njia nyingine. Mwingine alikiri, macho chini, kwamba aliomba mwenyewe apasuliwe kwa sababu aliogopa uchungu, na hakuna aliyemlaumu. Lakini wengine wote? Mama zao walikuwa wamezaa watoto saba, wanane, na katika kijiji kizima ungesikia mwanamke mmoja tu aliyepasuliwa, na habari yake ikazungumzwa miaka. Hapa Mbotela sasa ungeweza kupita mlango hadi mlango ukihesabu makovu.

Sababu hazikuhitaji msomi. Daktari yule alikuwa na zahanati nyingine mbili za kukimbilia, na uchungu wa mwanamke haujui saa, lakini kisu kinajua. Kiwanda kililipa kilichoandikwa bila kuuliza. Na wanawake waliambiwa jambo hilo wakati ambao hata jina lao wangelisahau. Nafula alirudi nyumbani siku hiyo amefura kwa hasira, akasukuma mashine mpaka uzi ukakatika.

Wanawake wa mtaa nao wakajitungia dawa yao, na hapo ndipo walipokosea. Walianza kuchelewa. Wakaambiana kwamba ukienda hospitali mapema utapasuliwa, kwa hiyo kaa nyumbani, uma leso, tembea chumbani, usiende mpaka mtoto awe mlangoni na daktari asipate nafasi hata ya kunoa kisu. Waliofanikiwa walisifiwa kwenye bomba la maji kama wachezaji waliofunga bao. Wale ambao mambo yao yalikwenda kombo hawakutajwa sana.

Mwaka wa 1996 Nafula akapata mimba ya pili. Alimwambia Javan usiku huohuo, "Safari hii hakuna mtu atakayenipasua bila kunipa sababu. Sababu ya kweli. Na karatasi nitatia sahihi mimi." Javan, aliyemjua mkewe, alisema sawa akageukia ukutani.

Hakurudi Eastleigh. Alikwenda kliniki ya wajawazito ya hospitali moja ya serikali, akapanga foleni na mimba za kila aina, akakutana na Sista Nabiswa, mkunga wa makamo aliyevaa miwani iliyofungwa uzi. Sista alilitazama kovu, akalipitisha kidole.

"Hili la nje nimeliona," akasema. "La ndani silioni, na hilo ndilo lenye neno. Unataka nini, mama?"

"Nataka kuzaa mwenyewe. Na kama haiwezekani, nataka kujua kwa nini."

"Aliyepasuliwa mara moja anaweza kujaribu. Wengi hufaulu. Lakini si nyumbani, na si kwa kuchelewa, kwa sababu kovu likiachia, dakika ni chache. Tena usinywe dawa yoyote ya kuharakisha uchungu. Inakibana kizazi kwa nguvu, na kovu halina nguvu hiyo. Uchungu ukianza, uje. Nitakuwa nikimsikiliza mtoto. Nikiona jambo nitakwambia ni jambo gani."

"Utaniambia hata kama nalia?"

Sista Nabiswa akacheka. "Nitangoja unyamaze, halafu nitakwambia."

"Basi nitakuja mapema," Nafula akasema, na kwake neno likishatoka limetoka.

Asenath aliwasili wiki ya mwisho. Safari hii alikuja kabla ya mtoto, na Nafula akafurahi, maana alitamani sana mama huyu apate kazi ya mikono yake. Walichambua mboga pamoja, wakacheka, Opicho akalala mapajani pa nyanya yake. Uchungu ulianza asubuhi, Javan ameshakwenda kazini. Asenath aliwasha jiko, akachemsha mizizi aliyokuja nayo kwenye kitambaa, na baada ya muda akamletea Nafula kikombe chenye harufu kali ya udongo.

"Kunywa hii, mwanangu. Kufikia mchana umemaliza. Hakuna mtu wa kukugusa."

Nafula alikishika kikombe kwa mikono miwili. Tusimpake rangi ya ushujaa asiokuwa nao: alitaka kunywa. Alitaka mtoto atoke hapohapo chumbani, mikononi mwa mama huyu, na daktari asikie habari tu. Uchungu ukamjia, akainama, na ulipopita akakiweka kikombe sakafuni.

"Mama, nimekatazwa. Kwa ajili ya kovu."

"Na nani? Na walewale wanaopasua?" Sauti ya Asenath ilipanda. "Wewe hukumkuta Rispa wangu. Binti yangu wa pekee. Walimpasua uzazi wa kwanza, wakaniharibia binti yangu. Wa pili uchungu ulimshikia kwangu, nikamhangaikia kwa mikono hii, akaniponyoka na mtoto tumboni. Kisu ndicho kilichomuua. Na wewe unataka kukimbilia hukohuko!"

Nafula alikuwa amesikia tu kwamba Javan alikuwa na dada aliyefariki. Alimwonea huruma mama yule. Lakini alikuwa ameahidi, na mahali fulani ndani yake palikuwa na baridi ya woga ambayo haikuwapo kabla ya jina la Rispa kutajwa. Akavaa viatu.

Mlangoni akamkuta Ndindi, aliyekuwa amesikia kelele. "We Mama Opicho, unaenda wapi? Umechizi? Ukienda saa hii watakukata kabla ya lanchi! Si ungoje kwanza mpaka mtoto akaribie?"

"Kitonga yuko na pikapu?"

"Yuko, lakini..."

"Mwite. Na unishikie Opicho."

Ndindi alimwangalia usoni, akaacha mabishano, akamwita mumewe. Asenath alipanda nyuma na kapu la nguo, na njia nzima hakumwangalia mtu.

Hospitalini walimkuta Sista Nabiswa akiwa zamuni, na pamoja naye daktari kijana, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, aliyeitwa Abdinoor. Huyu aliisoma kadi, akaliona kovu, akasema, "Ulipasuliwa wa kwanza. Tutapasua na huyu, ndiyo salama zaidi. Sista, mtayarishe."

Nafula aliinuka kwa viwiko. Yote aliyokosa kusema mwaka ule wa tai na funguo za gari yalimjia kwa pamoja, lakini yalitoka machache.

"Daktari, mtoto ana shida gani?"

"Kwa sasa hana."

"Mimi nina shida gani?"

"Una kovu."

"Kovu nimekuja nalo. Kama ni mtoto anaumia, pasua sasa hivi, nitatia sahihi. Kama ni wewe unataka kwenda kulala, nenda ukalale, nitakungoja."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka kwa sauti. Daktari Abdinoor aliona haya, kisha, na hilo ni sifa yake, na yeye akatabasamu. Alimgeukia Sista, wakazungumza kwa sauti ya chini kuhusu kichwa cha mtoto na mapigo na mlango wa kizazi, na mwishowe akasema, "Sawa. Tunajaribu. Lakini thieta ya upasuaji iwe tayari, na mimi sitoki hapa."

Wakajaribu. Nafula alifanya kazi ile kama alivyofanya kazi zote, kwa kununa na bila kupumzika. Alitembea akishika vitanda. Alipumua alivyoelekezwa. Asenath aliruhusiwa kuingia, akasimama nyuma yake, na taratibu, bila kuambiwa na mtu, akaanza kumsugua kiuno. Kila baada ya muda Sista aliweka tumboni kipembe chake cha kusikilizia mapigo, akatega sikio upande wa pili, akasema, "Mtoto yuko vizuri." Mchana ukapita. Njia ilizidi kufunguka, na Nafula alianza kuamini kwamba anafika.

Kisha Sista alisikiliza akakaa muda mrefu kuliko kawaida. Akahamisha kipembe, akasikiliza tena. Uchungu ulipotulia, akabonyeza polepole juu ya kovu, na Nafula akapiga ukelele.

"Sema," Nafula akamwambia.

"Mapigo ya mtoto yanashuka na hayarudi haraka. Hilo ni moja. La pili, hapa panakuuma hata wakati uchungu umeacha, na hapakuwa hivyo asubuhi. Nadhani kovu limeanza kushindwa. Hiyo ndiyo sababu, Nafula. Sina nyingine."

Nafula alimtazama machoni kuona kama kuna Ijumaa ndani yake. Haikuwamo. Akauma meno, akalia, machozi ya hasira tupu, maana alikuwa amekitaka kitu hiki kwa moyo wote na kilikuwa karibu kiasi hicho.

"Lete karatasi," akasema. "Upesi."

Asenath alimshika mkono. "Nafula, mwanangu, usikubali."

"Mama, nimeuliza na nimeambiwa. Niachie nitie sahihi."

Alitia sahihi jina lake lote, herufi zikipandana, na wakakimbia naye.

Mtoto alikuwa msichana, mdogo, mweusi kama mama yake, na alilia kwa kuchelewa kidogo lakini alilia. Wakamwita Ayuma. Kesho yake alasiri, wageni wakiwa wametoka, Nafula alikataa kunywa uji mpaka daktari aje. Sista alimwambia daktari ana wodi mbili. Nafula akasema uji utapoa, basi. Daktari Abdinoor akaja.

"Nieleze ulichokikuta ndani," Nafula akasema. "Nilikupa ruhusa ufungue, sasa niambie."

Asenath alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, Ayuma mikononi.

Daktari hakufanya haraka. Akaeleza kwamba mshono wa zamani ulikuwa umevutika na kukonda hadi ukawa utando, kiasi kwamba aliziona nywele za mtoto kupitia hapo. Haukuwa umepasuka. Uchungu kidogo tu zaidi na mshono ungeachia, na mtoto angekosa hewa, na mama angevuja damu kwa ndani. "Kama ungekuja ukiwa umechelewa, kama wengi wanavyofanya siku hizi, tusingekuwahi," akasema. "Ulifanya vema kungoja hapa, na ulifanya vema kuacha kungoja."

Nafula alishusha pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu 1993 mwili wake ulikuwa wake, kovu na vyote. Alifurahi, akamwambia daktari asante, akanyoosha mkono achukue uji.

"Daktari," Asenath akasema.

Wote wakamgeukia.

"Mtu mwenye kovu kama hilo. Akishikwa na uchungu nyumbani. Akipewa dawa ya mizizi, ile ya kuharakisha. Inakuwaje?"

Daktari Abdinoor hakujua habari ya Rispa, lakini aliuona uso wa mama yule, na alivyomshika mtoto kifuani kwa nguvu. Akamtazama Nafula, kama mtu anayeomba kusaidiwa apite salama. Ilikuwa rahisi sana kusema hajui. Ilikuwa rahisi kusema kila mwili na mambo yake, mama, na kumwacha arudi Mumias akikilaani kisu mpaka kufa kwake.

Nafula alikiweka kikombe cha uji chini. Kule kijijini kulikuwa na wakaza wana wengine, na baadhi yao wangerudi kutoka hospitali na makovu, na wangemwendea mama huyu.

"Mwambie," akasema. "Ameuliza."

Daktari akavuta kiti, akaketi usawa wa macho ya Asenath, akamwambia. Nafula alijikokota hadi ukingoni mwa kitanda, mshono ukimuuma, akamshika mama mkwe wake mkono tangu neno la kwanza, na hakuuachia hata walipokuja kuchukua vyombo.